Kabla ya Kuagiza Sensa kutoka Kisekka

Lami inayoanzia Vurra, ikapita Arua na Koboko mpaka Oraba, ina kilomita 92 tu, lakini ncha yake moja iko mpakani na Kongo na ya pili mpakani na Sudan Kusini. Ombaci iko nje kidogo ya Arua ukielekea Koboko, penye shule ya St. Joseph's College. Kutwa nzima barabara hiyo hupitisha magari ya kila namna: Noah na Ipsum za abiria, Premio za watu binafsi, Probox zilizoelemewa na mizigo, malori ya Fuso, na Land Cruiser nyeupe za mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Bidibidi, wilayani Yumbe, makazi yaliyofunguliwa Agosti 2016. Na dereva anayeingia gereji ya hapo huku taa ya injini inawaka huwa na swali moja: "Fundi, sensa ya hii gari ni pesa ngapi?"

Swali hilo limeruka hatua. Limeshaamua kwamba sensa imekufa, na kilichobaki ni kutuma pesa Kampala, kwenye soko la Kisekka, na kusubiri kifurushi kije na basi la usiku. Kampala iko mbali, kama kilomita 500, na spea ya umeme ikishafungwa kwenye gari muuzaji hakubali irudi. Kama tatizo lilikuwa waya, dereva amenunua sensa ya pili ya kuweka kwenye droo, na taa inaendelea kuwaka.

Ugonjwa huu wa sensa ni mgeni kiasi katika eneo hili la West Nile. Mafundi wengi wa huku walijifunzia kazi kwenye injini zisizouliza sensa jambo lolote la maana. Mfano mzuri ni 1HZ ya Toyota, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990 na ambayo mashirika ya misaada yameing'ang'ania kwa miaka mingi. Pampu yake inapima dizeli kwa chuma na springi. Ikigoma, fundi husikiliza, hunusa, hufungua nozeli. Hakuna kompyuta ya kuihoji. Ndiyo maana Land Cruiser hizo ziliaminika kwenye barabara za vumbi za Koboko, Yumbe na Moyo: kilichoharibika kilionekana kwa macho.

Premio na Noah ni watu wengine. Humo ndani mna kontroli boksi inayoamua, kila mara kranki inapozunguka, ni petroli kiasi gani imwagwe na cheche irushwe saa ngapi. Boksi lenyewe halioni kitu. Linategemea sensa ziliambie hewa inaingia kiasi gani, maji yana joto gani, kranki iko wapi, moshi umebakiwa na oksijeni kiasi gani. Wazo hilo si la jana. Bosch wa Ujerumani waliuza mfumo wa D-Jetronic kwenye Volkswagen tangu 1967, ukipima mgandamizo wa hewa kwa sensa, na mwaka 1976 Volvo ikaanza kutumia sensa ya oksijeni ya kampuni hiyohiyo. Kilichochukua muda ni magari hayo kuzeeka Japani na Ulaya kwanza, kisha kusafirishwa huku yakiwa yameshakula chumvi.

Uzee wenyewe una kipimo cha kisheria. Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha sheria yake ya barabara na kupiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Maana yake lenye miaka 14 bado linaingia. Plastiki ya soketi zake imeshapikwa na joto la injini kwa miaka yote hiyo, vifungo vyake hukatika fundi akivigusa tu, na pini za ndani zimeanza kuota kutu ya kijani. Gari linateremka bandarini linang'aa kwa rangi, huku waya zake ni za mzee.

Kwanza, mashine inasema nini hasa? Siku hizi kifaa cha kusoma makosa ni kidogo kuliko pakiti ya sigara, kinachomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu ya mkononi. Kinatoa msimbo kama P0118. Herufi P ni ya injini na gia. Sifuri inayofuata ina maana msimbo ni wa pamoja kwa watengenezaji wote, si wa kampuni moja. Marekani ililazimisha lugha hiyo kwa magari yote madogo kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Toyota za zamani zaidi hazihitaji hata mashine: unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, unahesabu taa inavyokonyeza. Mbili, kituo, mbili: msimbo 22, joto la maji.

Hapa ndipo pesa hupotelea. Maelezo kamili ya P0118 hayasemi kwamba sensa ya joto la maji imeharibika. Yanasema umeme kwenye saketi ya sensa ya joto la maji uko juu kupita kiasi. Saketi ni njia nzima: boksi, waya wa kwenda, soketi, sensa, soketi tena, waya wa kurudi, na ethi. Sensa ni kituo kimoja tu katika safari hiyo, na mara nyingi ndicho kituo kigumu kuliko vyote kuharibika, kwa kuwa haina kinachosuguana ndani yake. Fundi anayesoma msimbo na kuandika jina la spea moja kwa moja hajapima chochote. Amemsikia mlalamikaji na kutoa hukumu.

Tuibakize hiyo sensa ya joto mezani, maana ndiyo rahisi kueleweka na ikieleweka nyingine zinafuata. Ni kipande kidogo kinachopunguza ukinzani wake kadiri kinavyopata joto. Kwenye Toyota nyingi, maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi ukinzani wake huwa kama omu 2,500. Yakifika nyuzi 80 hushuka hadi omu 320 hivi. Boksi hutuma volti 5 kupitia rezista yake ya ndani, kisha hupima volti zinazobaki kwenye waya wa sensa. Tuseme rezista hiyo ni ya omu 2,500. Asubuhi injini ikiwa baridi, ukinzani wa sensa na wa rezista unalingana, kwa hiyo volti 5 zinagawanyika sawasawa na boksi linaona 2.5. Injini ikipata moto, boksi linaona kama 0.57. Kanuni ya Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827 na ambayo wanafunzi wa sekondari hukaririshwa darasani, haihitaji zaidi ya hapo ili kumtoa fundi kwenye kubahatisha.

Waya ukikatika, umeme hauna pa kwenda, boksi linaona volti 5 kamili na kuandika P0118. Kwenye skrini, joto la maji litasomeka nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Arua haijapata kuiona tangu iumbwe. Waya wa sensa ukichubuka na kugusa bodi ya gari, boksi linaona sifuri, linaandika P0117, na skrini inadai maji yamefika nyuzi 140 na ushee. Nambari mbili hizo za ajabu ni zawadi kwa fundi. Hazimwambii joto la maji. Zinamwambia njia imekatika au imegusana.

Sasa jaribio lenyewe, lisilozidi dakika mbili. Gari limeandika P0118, skrini inaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. Fundi anachomoa soketi ya sensa, anachukua kipande cha waya mwembamba na kuunganisha matundu mawili ya soketi hiyo, huku swichi imefunguliwa na injini haijawashwa. Kisha anatazama skrini. Ikiruka kutoka chini ya sifuri hadi nyuzi 140, boksi ni zima, waya zote mbili ni nzima, na mwenye kosa ni sensa, au pini zake. Hapo pesa itumwe Kisekka kwa moyo mweupe. Skrini isipotikisika, sensa haina hatia. Waya umekatika mahali fulani kati ya soketi na boksi, na hata ukifunga sensa mpya kumi taa haitazima. Kwa P0117 mambo hugeuka: chomoa soketi tu. Skrini ikirudi chini ya sifuri, sensa ndiyo iliyogusana ndani. Ikibaki 140, kuna waya uliochubuka.

Jaribio hilo la kuunganisha matundu ni la sensa za waya mbili za joto pekee. Kwenye sensa za waya tatu, kama ya throtoli au ya mgandamizo wa hewa, waya mmoja huleta volti 5, wa pili ni ethi na wa tatu hurudisha jibu. Nyingine zina waya wa volti 12 pia. Anayeunganisha ovyo humo anaweza kuunguza boksi zima, na bei ya boksi si ya mzaha. Vivyo hivyo ile balbu ya kujaribia umeme, yenye sindano na klipu, ambayo fundi mzee huibeba mfukoni kama kalamu: inafaa kwa taa, honi na fyuzi, lakini kwenye waya wa sensa inanyonya umeme mwingi kuliko uwezo wa njia ile. Hapo panatakiwa mita ya dijitali, na mita ya bei nafuu tu inatosha, ilimradi betri yake si chovu.

Mita hiyo hugundua pia kosa lisilowasha taa, na kwa mfuko wa dereva wa teksi hilo ndilo baya zaidi. Rudi kwenye hesabu. Injini ina moto, sensa ina omu 320. Kutu ya kijani kwenye pini imeongeza ukinzani wa omu 1,000. Boksi sasa halioni 0.57, linaona volti 1.7, na kwa hesabu zake maji yana nyuzi kati ya 35 na 40. Si joto la ajabu, kwa hiyo haliandiki msimbo wowote. Linachofanya ni kuongeza petroli, kama linavyofanya kila injini inapokuwa haijapata moto. Gari linatoka Arua hadi Koboko na kurudi likinywa mafuta ya asubuhi mchana kutwa. Mwenye gari anamlaumu dereva, dereva anailaumu petroli ya kituo fulani, na fundi anabadilisha plagi. Dawa ilikuwa kuchomoa soketi, kukwangua kutu na kuipulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme.

Kuna nambari moja ambayo vitabu vya gari haviandiki kwa ajili ya Arua. Sensa ya mgandamizo wa hewa, swichi ikiwa imefunguliwa lakini injini haijawashwa, inatakiwa isome mgandamizo wa hewa ya mahali gari lilipo. Mombasa, usawa wa bahari, ni kama kilopaskali 101. Arua iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, kwa hiyo sensa nzima kabisa itasoma 87 au 88. Ukiteremka hadi Pakwach, kando ya Nile, inapanda kufikia 94 hivi. Fundi aliyekariri 101 kutoka kwenye video ya mtu wa Dubai ataitupa sensa nzima. Na sensa inayosoma 101 hapo Ombaci ndiyo ya kutiliwa shaka, hata kama taa imezima.

Mara nyingine mashine inamwaga misimbo mitatu au minne kwa mpigo: throtoli, mgandamizo wa hewa, pengine na pedali ya mafuta. Mwenye gari anashika kichwa. Habari hiyo mara nyingi ni nzuri kuliko inavyosikika, kwa sababu sensa tatu haziwezi kufa siku moja kwa kupatana. Kinachounganisha zote ni waya wa volti 5, ambao boksi huugawia sensa kadhaa kutoka chanzo kimoja, na ethi yao ya pamoja. Sensa moja ikigusana ndani huvuta volti zile chini na kuwakosesha wenzake. Fundi anaweka mita kwenye waya wa volti 5, anasoma labda 0.3, kisha anachomoa sensa moja baada ya nyingine bila kuondoa macho kwenye mita. Ile ambayo ikichomolewa volti 5 zinarudi, ndiyo yenye kesi. Zisiporudi hata baada ya kuzichomoa zote, ugomvi uko kwenye waya.

Na waya za huku zina maadui wengi. Panya huingia kwenye boneti usiku kutafuta joto na kutafuna ganda la waya. Vumbi jekundu huchanganyika na mafuta ya injini na kuwa udongo unaoshika unyevu ndani ya soketi. Vijana wa kuosha magari hupiga injini maji ya presha, maana mwenye gari anataka ing'ae, na siku mbili baadaye gari linaanza kukohoa. Aliyefunga alamu au kifaa cha kufuatilia gari alikata waya, akasokota kwa mkono na kuzungushia tepu nyeusi. Joto la injini limeyeyusha gundi ya tepu, na sasa waya unapumua. Mchomeleaji aliyeunga bampa bila kuchomoa betri naye ana lake la kujibu. Yote haya hayaonekani kwenye mashine. Yanaonekana kwa tochi, kwa vidole, na kwa kutikisa waya polepole kuanzia kwenye sensa kwenda kwenye boksi huku mwenzako akiangalia skrini.

Kutikisa huko ndiko kunakonasa lile tatizo linalochosha kuliko yote: gari kuzima ghafla barabarani, kukaa nusu saa, kisha kuwaka kana kwamba hakukuwa na jambo. Mshukiwa wa kwanza ni sensa ya kranki, msimbo P0335, kwa kuwa bila yake boksi halijui cheche irushwe lini, na injini nyingi hukataa kuwaka kabisa. Ndani ya sensa hiyo mara nyingi mna koili ya waya mwembamba kama unywele. Ikipata joto hupanuka na kuachana. Ikipoa hushikana tena. Hapa kuna mtego: likifika gereji limeshapoa, na kila kipimo kinasomeka sawa. Fundi mwenye subira huipima ikiwa bado ya moto, papo hapo gari linapozima, au huipasha kwa kikausha nywele alichoazima saluni. Hata kwa sensa hii soketi inatangulia kukaguliwa, kwa sababu iko chini ya injini, mahali ambapo mafuta yanayovuja na maji ya madimbwi hufikia kwanza.

Sensa ya oksijeni ina historia yake. Zamani risasi iliyotiwa kwenye petroli iliiua kabla ya wakati wake, na Afrika kusini mwa Sahara ilimaliza kuuza petroli ya risasi ikiingia mwaka 2006. Siku hizi muuaji ni silikoni ya kuzibia gasketi, ile isiyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa, pamoja na injini inayounguza mafuta yake yenyewe. Ikiwa nzima, volti zake hucheza kati ya 0.1 na 0.9, juu chini, juu chini, bila kutulia. Fundi asidanganyike na msimbo P0171, unaosema petroli ni haba kuliko hewa. Mara nyingi huo si ugonjwa wa sensa; ni mpira wa hewa uliopasuka, na sensa inasema kweli.

Vipi kama boksi lenyewe ndilo bovu? Hutokea. Agosti 2010 Toyota iliita magari yapatayo milioni 1.13 huko Marekani na Kanada, Corolla na Matrix za modeli za 2005 hadi 2008, kwa sababu viungo vya risasi ndani ya boksi viliweza kupasuka na kuzima injini. Lakini kwa Arua, boksi liwe la mwisho kushukiwa, baada ya kuthibitisha kwamba linapata volti 12 na ethi safi. Ethi hupimwa gari likiwa linaunguruma: ncha moja ya mita kwenye ethi ya boksi, nyingine kwenye ncha hasi ya betri. Ikizidi volti 0.1 kwa kiasi cha kuonekana, kuna bolti imeota kutu kwenye bodi, na bolti hiyo inaweza kuzisingizia sensa zote uongo.

Kazi ikiisha, wengi hutaka taa ifutwe palepale ili walipe kwa amani. Inawezekana kwa kubonyeza mara moja, lakini ufutaji huo hufuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea, yaani mwendo, joto na mzigo, ambayo fundi anayefuata angeihitaji. Kwa magari yanayofuata utaratibu wa Marekani, ukiiacha taa bila kuifuta itazima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa, na msimbo utafutika baada ya injini kupoa na kupata moto tena mara 40. Kwa Noah inayokwenda Koboko asubuhi, ikapoa huko, na kurudi Arua jioni, hizo ni kama siku 20 za kazi.